Shilingi Tano kwa Karatasi

Simu ya Achieng' ilinikuta ofisini kwangu Homa Bay nikibishana na mteja. Kijana huyo ana duka la vipuri vya pikipiki, na alikuwa amekuja kuuliza ningemtoza ngapi kumwandalia hesabu za mwaka. Nilipomtajia bei, akacheka. Akaniambia kuna ofisi ya mtaa wa pili inayotoza kulingana na wingi wa karatasi, na kwa kuwa zake si nyingi, haoni kwa nini alipe sawa na mtu mwenye hadiwea nzima ya vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu, na mimi nikianza kulijibu swali hilo huwa siufungi upesi, simu ikalia. "Auntie, Mama ametuacha," Achieng' akasema. "Asubuhi hii. Nilikuwa nampelekea uji." Nilimpa pole, nikamuuliza yuko na nani hapo nyumbani, nikamwambia ninakuja. Yule kijana aliniangalia usoni, akainuka mwenyewe, akasema atarudi siku nyingine. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, nikafunga mlango wa ofisi, jambo ambalo wasichana ninaofanya nao kazi hawajawahi kuliona, na nikakaa kwenye kiti cha wateja nikalia. Mimi si mtu wa kulia ovyo. Nilimlilia mama wa watu, na nililia pia kwa sababu kuna jambo nililotakiwa kumwambia tangu nikiwa msichana, na sasa hapakuwa tena na wa kuambiwa.

Watu wa rika langu wakiandika maisha yao huanza na babu zao. Ukoo wangu hauna kosa lolote katika habari hii, kwa hiyo nauacha upumzike. Ninataka mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Kendu Bay na cheti changu cha uhasibu kwenye bahasha, nikaenda Migori kufanya kazi kwa mhasibu ambaye nitamwita Bosi, kwa sababu hata nyumbani kwake nilimwita hivyo. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wateja. Vyumba vilikuwa viwili, vimetenganishwa na ukuta wa plaiwudi. Kikubwa kilikuwa cha Bosi, na chenye dirisha bovu kilikuwa changu na mafaili. Mshahara ulikuwa mdogo hata kuutaja ni aibu. Lakini sikuwa nimefuata mshahara. Nilihitaji barua ya Bosi, ya kuthibitisha kwamba nimefanya kazi chini yake mwaka mzima na kwamba tabia yangu ni njema, maana bila barua hiyo nisingesajiliwa kuwa mhasibu kamili. Kila nilichofanya mwaka ule, na kila nilichokosa kufanya, barua ile ilikuwa mbele ya macho yangu.

Bosi alikuwa mtu mpole, mwenye suti moja ya kahawia na themosi ya chai ya tangawizi. Hakuwa na orodha ya bei. Mteja mpya alikaribishwa, akamiminiwa chai, akaulizwa habari za mvua na za nyumbani, na katikati ya habari hizo Bosi angesema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na watoto, wanasoma wapi siku hizi?" Nilikaa upande wa pili wa plaiwudi miezi miwili kabla sijaelewa kwamba swali lile ndilo lililokuwa mizani yake. Mwenye mtoto katika shule ya msingi ya hapo hapo mjini aliambiwa elfu tatu kwa mwaka. Wa sekondari ya kutwa, elfu sita. Wa shule ya bweni yenye jina, elfu kumi na mbili, na haikujalisha kama amekuja na karatasi ishirini au na gunia. Mara moja tu nilimsikia amekwama. Mnunuzi wa dhahabu kutoka Macalder, viatu vimejaa vumbi, alimjibu kwamba hana mtoto wala mke. Bosi alimwongezea chai. "Hata wa ndugu yako unayemlipia?" akauliza, na mimi kule ndani nikajiziba mdomo kwa mkono nisisikike nikicheka.

Siku hizi, mimi mwenyewe nikiwa ndiye ninayetaja bei, simcheki tena. Kumtajia bei mtu mwenye biashara ndogo ni kazi ngumu kuliko hesabu zenyewe. Ukitoza kwa saa, anaketi mbele yako na kutazama ukutani, akihofia kila dakika unayopiga chafya. Ukitoza kwa ukubwa wa mauzo, anakuficha mauzo. Ukitoza sawa kwa wote, mama wa mboga anamlipia mwenye lori. Bosi alikuwa ameyajua hayo yote miaka mingi, akajitafutia njia yake, na njia ile ilikuwa na huruma ndani yake. Fundi viatu wa chini ya ngazi alifanyiwa hesabu bure, kwa sababu wanawe walikuwa wamefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Lakini nikiwa na miaka ishirini na mitatu niliona dhuluma tu, na dhuluma hiyo niliiona wazi zaidi siku ilipomfikia Mama Achieng'.

Mama Achieng' ndiye aliyenikodisha chumba. Alikuwa na ploti nyuma ya soko, vyumba vinne vya mabati na jiko la pamoja, na upande wa barabarani duka la nafaka. Alinunua mahindi na maharagwe kwa wakulima, mengine akayaleta kutoka Isebania, akayauzia shule za sekondari za eneo lile. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, na hakunipangisha chumba tu. Kuanzia wiki ya pili alinikataza kununua mkaa. "Utapikia nani peke yako, nyar Kendu?" akaniambia, yaani binti wa Kendu, akiniita kwa jina la kwetu kama Wajaluo wanavyomwita mwanamke. "Huku kuna sufuria inakungoja." Jioni nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko lake, miguu yangu ikiwa nje na tumbo ndani, nikala ugali wa mtama na dagaa wa ziwani, omena, aliyekaangwa hadi akalia mdomoni, na mboga ya osuga iliyolala kwenye maziwa usiku mzima hadi uchungu wote ukaisha. Alikuwa hali mpaka mimi nimeanza. Sijalishwa hivyo tena na mtu yeyote, hata na mume wangu, na yeye anajua.

Jioni moja ya Februari alikuwa akisonga ugali na kunisifia Bosi wangu. Alikuwa ametoka ofisini siku hiyo kupanga habari ya hesabu zake. "Huyo mzee ana heshima," akasema. "Aliuliza mpaka habari ya Achieng'. Nikamwambia yuko bweni, kidato cha pili, na vile anapita hesabu. Akafurahi sana." Nikamuuliza aliambiwa alipe ngapi. "Kumi na mbili," akasema, akiupiga ugali kwa mwiko. "Ni mingi, lakini basi, mtu mwenye heshima." Nilijua karo ya Achieng' ilikuwa ikimtoa jasho, maana nilimwona akihesabu sarafu za soko kwenye mkeka. Bosi alikuwa amemtoza nyingi kwa sababu Mama amejinyima ampeleke mtoto shule nzuri, na yeye anamshukuru. Sikumwambia. Nilikwenda kumalizia hasira zangu ofisini.

"Ile si bei, Bosi," nilimwambia asubuhi kabla hata hajavua koti. "Ile ni faini ya kusomesha mtoto." Alimimina chai, akanisukumia kikombe, akaniuliza mimi ningetoza vipi. Nilikuwa nimekaa na jibu usiku kucha. "Kwa kazi," nikasema. "Shilingi tano kwa karatasi. Kila risiti, kila ankara, kila oda ya shule. Mwenye nyingi alipe nyingi, mwenye chache alipe chache. Hakuna haja ya kumuuliza mtu habari za watoto wake." Bosi alifikiri. "Watakuletea karatasi chache," akasema. Nikamjibu kwamba basi kazi itapungua, na hiyo si hasara kwa mtu. "Mili," akaniita kwa jina langu, akiniangalia juu ya miwani, "nimekuambia, watakuletea chache." Nilimsikia vizuri. Nilidhani anatetea kumi na mbili zake. Nikamwomba tujaribu mwaka mmoja, na nadhani alikubali kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wameanza kulinganisha bei zao sokoni na kumnung'unikia. Wiki ile niliandika bei mpya kwa mkono kwenye karatasi ya manila na kuibandika juu ya ngazi. Niliona nimefanya jambo kubwa. Kwa kweli nilijivuna.

Nilimpelekea Mama Achieng' habari hiyo kama mtu anayepeleka zawadi. Alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Nikamweleza kwamba zile elfu kumi na mbili zimefutwa, kwamba sasa ni shilingi tano tu kwa kila karatasi, na kwamba mwisho wa Aprili alete za mwaka uliopita zote nizihesabu. Aliweka ungo chini. Akatoa kutoka kwenye kifua chake kikaratasi kidogo, nusu ya kiganja, kilichoandikwa kwa kalamu inayokwisha, risiti ya kamba alizonunua za kufungia magunia. "Hata hii ingine ndogo?" akauliza. "Hata hiyo, Mama," nikasema. "Kila karatasi ni kazi, lazima niiandike." Akakitazama, akakirudisha kifuani. Ndiyo maneno niliyosema. Sikumwambia kwamba kikaratasi kile ni pesa zake, kwamba siku watu wa kodi wakiuliza alitumia nini ili apate alichopata, kile ndicho kitakachomjibia. Nilikuwa nimesomea miaka mitatu na nilijua jambo hilo usingizini, nikaona hata mtoto analijua. Na nilikuwa na haraka ya kushukuriwa.

Mwisho wa Aprili, shule zikiwa zimefungwa, Achieng' alimsaidia mama yake kupandisha mfuko ofisini. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mrefu, mwenye haya, aliyesimama mlangoni hadi nikamwambia aketi. Nilimwaga karatasi mezani, nikaanza kuhesabu. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Nikaipiga kwa tano kwenye kalkuleta na kumgeuzia Mama auone mwenyewe: elfu mbili na sitini. Alishika meza. "Basi?" akauliza. Nikamwambia basi. Na hesabu zenyewe zilikaa vizuri ajabu. Kulikuwa na mauzo ya kadiri, manunuzi ya kadiri, na faida ndogo ya mtu mwenye duka dogo. Niliishi katika ploti ile. Niliona kwa macho yangu malori yakipakia magunia ya shule tangu asubuhi, wiki baada ya wiki, na sikuketi chini nijiulize kwa nini mwanamke wa malori yale ana karatasi za mtu wa kibanda. Bei yangu ilikuwa imefanya kazi, na mtu akishafurahia bei yake hatazami tena kilicho ndani ya mfuko.

Jumapili iliyofuata walinichinjia kuku. Mama alinipa firigisi, ambayo kwa desturi ni ya wanaume, akasema katika nyumba ile mwanamume wa mwaka ni nyar Kendu. Tulicheka hadi majirani wakachungulia. Achieng' alinimiminia maji ya kunawa, akanipigia magoti kidogo kama unavyomfanyia mgeni mkubwa, na Mama akasema zile pesa zilizobaki zitanunua sweta na godoro la bweni. Nilikula nikashiba kupita kiasi. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa na furaha ambayo nikiikumbuka sasa, natamani kumshika yule msichana mabega na kumtikisa.

Mwezi wa sita tulizipeleka hesabu kwa watu wa kodi. Barua yao ilikuja mwezi wa tisa. Haikuwa na maneno mengi. Shule zote alizoziuzia zilikuwa zimeandika kwa upande wao kila hundi ziliyomlipa, na jumla ya hundi zile ilikuwa zaidi ya mara tatu ya mauzo tuliyoyaonyesha sisi. Walimpa mwezi mmoja aonyeshe mahindi na maharagwe hayo aliyanunua kwa nani na kwa ngapi. Asipoonyesha, pesa zote zilizozidi zingehesabiwa kuwa faida tupu, na kodi yake ilipwe pamoja na faini. Bosi aliisoma mara mbili, akamwita Mama, akaniita na mimi. "Mama, karatasi zingine ziko wapi?" akamuuliza kwa upole. Mama alikunja leso yake. "Niliwashia jiko," akasema. Bosi akamuuliza kwa nini. Na hapo Mama Achieng' akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu, wala kwa hasira. Ni kama mtu aliyeingia chumbani akakuta mtoto amelala, akatoka taratibu. "Sikujua zina maana," akamwambia Bosi. "Ni ujinga tu."

Bosi alimweleza kwamba sheria humtaka mwenye biashara atunze kumbukumbu zake mwenyewe, jambo ambalo ni kweli. Alimwambia hatatoza kitu kwa kazi ya kumwandikia majibu. Mama alishukuru, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilimngoja Bosi aseme kwamba alinionya, na ningependa angesema. Hakusema. Alifunga themosi yake, akasema, "Habari ya ile bei ibaki humu ndani. Ikitoka, ofisi hii italipa, na ofisi ikifungwa hakutakuwa na mtu wa kuandika barua yako." Nikajibu, "Sawa, Bosi." Siku hiyo hiyo aliing'oa ile manila juu ya ngazi. Ningeweza kushuka mbio nimfikie Mama kabla hajavuka barabara. Kama tungeiandikia ofisi ya kodi kwamba ni sisi tuliomtoza kwa karatasi, labda wangelegeza kamba, labda wasingelegeza. Hilo silijui. Ninachojua ni kwamba sikushuka. Nilikuwa mwoga, na uoga wangu ulikuwa na jina la barua.

Tulizunguka kwa wakulima kutafuta ushahidi. Wengine hawakukumbuka, wengine waliogopa kusaini kitu chochote chenye neno kodi, na muda ukaisha. Jumamosi moja dada yake Mama alikuja kutoka Ndhiwa. Mimi nilikuwa chumbani, nimekaa kitandani na sahani ya mihogo magotini, sahani ambayo Mama mwenyewe alikuwa ameniletea. Mabati hayazuii sauti. Walikuwa nje wakianika nguo, na dada mtu alikuwa akifoka kwa Kijaluo: huyo msichana wa hesabu unayemlisha humu ndani, yeye alikuwa wapi? Kazi yake ni nini kama si kukuambia? Nikaacha kutafuna. "Mwache," Mama akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Mtoto alinionya. Aliniambia nitunze kila kitu. Mimi ndiye sikusikia." Dada mtu akaguna, akaendelea kuanika. Kutoka kitandani hadi mlangoni zilikuwa hatua tatu. Nilikuwa na nafasi ya kutoka na kusema hapana, hakuonywa, aliyeonywa ni mimi. Badala yake nikamaliza mihogo yote, polepole, nisisikike.

Ploti iliuzwa mwezi wa kumi na moja. Mizani, magunia na hata mlango wa chuma wa duka vilikwenda pamoja nayo, na pesa zote zikaishia kwenye kodi na faini. Achieng' aliondolewa bweni akaandikishwa shule ya kutwa karibu na Ndhiwa, ambako hawakuwa na mwalimu wa hesabu kwa muhula mzima. Siku waliyohama nilisaidia kubeba sufuria hadi kwenye pikapu. Mama alinishika mkono, akasema, "Usiwe unatoka bila kula, nyar Kendu," basi. Mwezi wa kwanza Bosi alinipa barua yangu. Iliandikwa kwamba mimi ni mchapakazi na mwaminifu. Niliipeleka Nairobi, nikasajiliwa, na kwa barua hiyo nimekula mkate hadi leo.

Miaka iliyofuata nilikwenda Ndhiwa mara nyingi. Nilimpelekea sukari, shuka, dawa za presha, mabati ya kuezekea jiko. Kila safari nilijisemea maneno yangu njiani, na kila nilipofika yaliyeyuka. Mara moja nilianza. "Mama, kuhusu ile bei," nikasema. Akanisogezea bakuli la samaki, akasema, "Kula kwanza," na nilipomaliza kula alikuwa ameenda nyuma ya nyumba kutazama kuku wake, akakaa huko hadi gari la kunirudisha likawa limefika. Sikumlazimisha. Nilijidanganya kwamba ndiye asiyetaka.

Tulimzika Jumamosi, saa saba mchana, nyumbani kwake Ndhiwa. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Mfawidhi wa shughuli, mpwa wake, aliwaita waliotaka kumzungumzia marehemu, kisha akaniona. "Huyu hapa ni yule mhasibu," akatangaza. "Wengi mmemsikia. Wakati wa matatizo ya Migori ndiye aliyemwonya Mama, na Mama mwenyewe alikuwa akisema, laiti angemsikiliza. Na hakumwacha hadi leo." Watu wakanipigia makofi. Nilipewa maikrofoni. Mbele yangu kulikuwa na jeneza lake, lenye picha yake amevaa kitambaa cha kanisa, na nilikuwa na umri wa kuweza kusema lolote bila kuogopa barua ya mtu yeyote. Nikasema alikuwa mama kwangu, alinilisha, Mungu ampumzishe. Nikarudisha maikrofoni. Nilikaa chini, na mwanamke wa kando akanipapasa mgongo akidhani ninalia kwa uchungu wa kawaida.

Baada ya mazishi nilimkuta Achieng' nyuma ya jiko akisugua sufuria kwa majivu. Wanawake wa kijiji walikuwa wamemwambia aache, yeye ni mfiwa, akawaambia anataka kushughulisha mikono. Siku hizi ana mashine ya kusaga unga hapo sokoni, na mvi zimeanza kumwingia. Nikachuchumaa karibu naye na nguo zangu za heshima. "Achieng'," nikasema, "mimi sikumwonya mama yako. Bei ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyesema kila karatasi ilipiwe, na sikumwambia azitunze. Bosi alinionya mimi, sikusikia."

Hakuinua uso. Aliendelea kusugua pale pale palipokuwa pamekwisha kung'aa. "Ilikuwa ngapi kwa moja?" akauliza. "Nimesahau."

"Tano."

"Shilingi tano," akasema. Akaweka majivu chini. "Mama hakuwa anaona yale maandishi ndogo, Auntie. Ni mimi nilikuwa namsomea. Likizo yote ya Aprili. Nilikuwa natoa moja ya kuuza, natoa moja ya kununua, ndio hesabu isionekane imekatwa. Nilijua hesabu, si unakumbuka. Nikamwambia, Mama, hizi ingine tukichoma, tunalipa kidogo na mimi napata godoro. Akaniuliza kama ni sawa. Nikamwambia ni sawa." Kule mbele wageni walikuwa wakiagana, injini za magari zikiwashwa. "Barua ilipokuja akaniambia mtu akiuliza, niseme ni yeye alichoma. Kwamba wewe ulimwonya na yeye ndiye alikataa kusikia. Hata juzi akiwa mgonjwa alinirudishia maneno hayo. Kwa hivyo miaka hii yote nimejua ni mimi. Nilikula duka ya mama yangu."

Nilimshika mkono wenye majivu. Nilimwambia hapana. Nilimwambia msichana aliyeambiwa karatasi ni shilingi tano, akazipunguza, alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Aliyekosea ni aliyeweka bei na kukaa kimya. Nilimwambia mama yake alikuwa amesimama katikati yetu wawili kwa sentensi moja, akachukua kosa lake na langu, na sisi tukamwachia abebe. Achieng' alilia bila sauti, mdomo wazi, kama watoto wanavyolia kabla hawajavuta pumzi. Nilimngoja. Kisha akajifuta kwa bega la gauni na akautoa mkono wake mkononi mwangu.

"Usiniambie mimi," akasema. "Nenda umwambie Mama."

Nikainuka, nikaenda. Udongo ulikuwa bado mbichi na maua ya karatasi yalikuwa yameanza kuanguka upande. Nilisimama upande wa kichwa chake nikamwambia yote kwa Kijaluo, kwa sauti ya kusikika, kuanzia siku ya manila hadi siku ya mihogo, na nilipofika kwenye jina la Achieng' nikamwambia mtoto ameshajua kweli yote, apumzike. Nilikuwa nimechelewa kwa miaka yote ile, na kwa saa tatu tangu niliporudisha maikrofoni.